Behewa la Pili

Jumamosi, saa nne asubuhi.

Njama zilipangwa nyuma ya duka lililofungwa, juu ya ngozi za ng'ombe ambazo mwenyewe hakurudi kuzichukua. Tangini palikuwa panakufa, na kila mtu alijua. Mahali pale palizaliwa na tangi la maji. Injini zilipanda kutoka Fort Ternan zikihema, zikanywa pale, kisha zikaendelea kwenda Lumbwa. Baada ya tangi zikaja landhi, nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, maduka ya Wahindi, kanisa la udongo, na reli fupi ya kwenda machimbo ya mawe. Sasa, mwaka wa 1934, injini mpya hazikuwa na kiu. Mwisho wa mwezi landhi zingebomolewa. Akufukuzaye hakwambii toka. Watu wa Tangini walifungiwa bomba tu.

Nyamweya alichora reli sakafuni kwa kipande cha mkaa. Zamani alichochea moto wa injini. Alifukuzwa, na hasira yake haikupoa hata siku moja.

"Gari mbili za chai ziko njia ya pembeni, zinangoja treni ya jioni. Mvua ya mawe ikianza, stesheni masta anajifungia ndani. Na zile mabati, hawezi kusikia kitu. Tunalegeza breki, gari inateremka yenyewe. Okeyo anaifungulia njia ya machimbo. Huko ng'ombe wanangoja. Jumatatu chai iko Litein."

"Si tuzifunge pamoja?" aliuliza Ratemo, mwenye mikokoteni.

"Breki moja haishiki gari mbili. Utaingia machimboni na kichwa. Wewe panda ya kwanza. Mimi napanda ya pili."

Okeyo alikuwa mtu wa pointi. Kazi yake ilikuwa kuvuta chuma kile kinachohamisha njia, na aliifanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alimtazama mdogo wake Amolo, aliyekaa mlangoni akitabasamu kama mtu aliyealikwa harusini. Mama yao alimweka Amolo mikononi mwake kabla ya kukata roho. Hakuachiwa kitu kingine duniani.

"Amolo anakaa na ng'ombe," alisema Okeyo. "Hapandi gari. Akipanda, mimi simo."

"Omera, ndugu yangu, mimi si mtoto."

"Nyamaza."

Nyamweya akacheka. "Hapandi. Nimeshasema."

Saa nane mchana.

Mawingu yalishuka juu ya mashamba ya chai, na mawe yakaanza kupiga mabati. Kelele ilikuwa ya kuziba masikio. Mlango wa stesheni masta ukafungwa. Okeyo alisimama penye pointi, gunia kichwani, akavuta chuma. Njia ya machimbo ikafunguka.

Behewa la kwanza likaja taratibu, zito, Ratemo akiwa ameng'ang'ania breki. Likapinda kuelekea machimboni, likapotea kwenye ukungu.

Okeyo akashusha pumzi. Mkono wake ukarudisha chuma mahali pake na kukifunga kwa pini.

Hakuuagiza. Gari likipita, rudisha njia kuu: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya kila siku ya Mungu. Mazoea yana taabu.

Alipogeuka akamwona Nyamweya akimjia kwa miguu, sime kiunoni.

"Kwa nini uko hapa? Nani yuko kwa gari ya pili?"

"Mdogo wako. Mimi nimekuja kukuangalia wewe. Mtu wa serikali haaminiki."

"Ulisema hapandi!"

"Nilisema. Ameomba mwenyewe."

Ndipo Okeyo akakumbuka pointi. Alirukia pini, lakini magurudumu ya mbele ya behewa la pili yalikwisha kufika. Akihamisha reli sasa, behewa litapinduka na kumlalia ndugu yake. Akaachilia. Behewa likapita mbele ya uso wake, Amolo akipunga mkono kwa furaha, likaingia njia kuu. Mteremko mtupu. Na saa tisa treni ya abiria ingetoka Fort Ternan kuja juu.

"Umetuuza!" Nyamweya alichomoa sime.

"Nimesahau! Haki ya Mungu, mkono umesahau!"

Akakimbia kuelekea stesheni. Sime ikamfikia begani, hakusimama. Nyuma yake Nyamweya aliita mara moja tu: "Ukiongea tumekwisha wote!" Okeyo akaupiga mlango kwa mwili wake mzima.

Stesheni masta aliinuka akiangusha kikombe. "Nini iko? Damu yote hii ya nini?"

"Piga simu Fort Ternan. Zuia treni. Gari ya chai imeteremka, tumeiba sisi. Ndugu yangu yuko juu yake. Anaitwa Amolo. Amolo, andika hivyo, wamwokoe."

Saa kumi na moja jioni.

Treni ya abiria ilizuiwa Fort Ternan. Nyamweya alikwisha kuyeyuka kwenye mashamba ya chai. Ratemo alikamatwa machimboni, akiwa bado anangoja behewa la pili. Okeyo alifungwa pingu na kuketishwa barazani, bega limefungwa kitambaa, macho kwenye reli. Alikuwa akimwomba Mungu bila kupumzika. Hakuomba kingine, ila uhai wa ndugu yake tu.

Toroli ya wakaguzi wa reli ikapanda polepole. Askari wawili. Katikati yao, mikono ikiwa imefungwa kamba, viganja vimechunika, alikuwa Amolo. Mzima.

Okeyo akalia kwa sauti. "Omera! Uko hai!"

Askari walimsukuma Amolo karibu.

"Breki ilishika," alisema. "Gari ilisimama kabla ya daraja. Nikashuka. Nikaingia msituni, hakuna mtu ameniona. Halafu askari wakakuja wanaita jina yangu. Amolo, Amolo, ndugu yako ametutuma, usiogope. Nikadhani umekuja na wao. Nikatoka."

Okeyo alinyoosha mikono yenye pingu ili amguse.

"Nani aliwapa jina yangu?"

"Mimi."

Amolo akageuza uso. Askari akamvuta kwenda upande wa pili wa baraza, akamketisha peke yake. Okeyo aliendelea kumwita kwa jina hadi giza lilipoingia, na Amolo hakugeuka.