Kipanga wa Ghala la Downsview

Kizimba kilikuwa kitupu. Mlango wake wa waya ulikuwa wazi, na chini ya gogo ambalo kipanga Rani alizoea kusimama juu yake palikuwa na unyoya mmoja na kinyesi kibichi.

Fareen Jetha alisimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mkaguzi wa wanyamapori wa jimbo, na asubuhi hiyo ya Februari 2014 alifika kwenye ghala hilo la Downsview, kaskazini mwa Toronto, kwa kazi aliyoiona ndogo. Alikuja kumtahini Généreuse Nabintu, aliyeomba kibali cha mwanafunzi wa ufugaji wa vipanga. Mtihani wa kuandika ulikuwa umemalizika ofisini muda mfupi uliopita. Sasa Généreuse alitakiwa kumwita ndege mkononi na kumvisha kofia yake ya ngozi, kisha Fareen asome namba ya pete iliyokuwa mguuni mwa ndege.

"Nilipoingia saa tatu nilimwona hapa kwa macho yangu," alisema Fareen.

"Sote tulimwona," alijibu Murad Virani. Murad ndiye aliyekuwa na kampuni iliyokodisha vipanga wa kufukuza njiwa na shakwe kwenye maghala. Ndiye pia aliyekuwa mdhamini wa Généreuse, kwa kuwa sheria haimpi mwanafunzi kibali bila mfugaji mzoefu wa kumsimamia. "Généreuse, mwambie mkaguzi kilichotokea."

Généreuse alikuwa ametangulia kutoka ofisini kwenda kuvaa glavu. Fareen alipomfuata alimkuta amesimama karibu na Murad, glavu bado ikiwa mkononi.

"Ni mimi, madamu," alisema kwa Kiswahili cha kwao Uvira. "Nilimlisha alfajiri, alafu nikasahau kufunga komeo. Kosa ni langu."

Alisema bila kukwama popote, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Basi ndiyo hivyo," Murad alisema na kushusha pumzi. "Andika kwamba ameshindwa, mwanangu. Mwakani nitamdhamini tena. Tusimtese zaidi."

Fareen hakuandika. Mama yake na Murad walisali jamatkhana moja, na tangu utotoni alimwita Anko. Angefurahi kumaliza jambo hili upesi na kurudi nyumbani. Lakini hakukuwa na namna ya kurudi. Mvua inayoganda ilikuwa imeanza kunyesha walipokuwa kwenye mtihani, na umeme ulikuwa umekatika. Lango kubwa la chuma, linalopanda kwa mota, lilikuwa limeshikana na sakafu kwa barafu. Mlango mdogo wa pembeni ulizibwa na theluji ya zamani iliyoporomoka kutoka paani. Fareen alipopiga simu kuomba msaada aliambiwa mji mzima umekwama, na kama hakuna aliyeumia, wangoje zamu yao.

Ghala lilikuwa linapoa haraka. Mwanga pekee uliingia kupitia vioo vichafu vya juu. Ndani walikuwa watu wanne tu: Fareen, Murad, Généreuse, na mlinzi aliyeitwa Eustache.

"Kama katoroka, bado yumo humu humu," Fareen alisema. "Hatuna pa kwenda. Nitawauliza maswali mmoja mmoja."

Alianza na Eustache, Mrundi wa makamo aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na lango. Mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa chenye damu.

"Huo mkono una nini?"

"Barafu, dada. Nilikuwa naipasua kwa sururu pale chini ya lango. Ikaniruka."

"Nimesikia wewe na Rani hampatani."

Eustache hakukataa. "Alishanirukia mara moja, kofia yangu akaipasua. Nilimwambia bosi, huyu ndege siku moja atamtoa mtu jicho. Lakini kumgusa? Mimi hata karibu na kile kizimba sipiti."

Fareen alimwomba afungue kitambaa. Kidonda kilikuwa kimoja, kipana, kimechubuka. Makucha ya kipanga hutoboa matundu. Alimsaidia kukifunga upya.

"Tulipokuwa ofisini, ulisikia njuga?" aliuliza. Rani alifungwa njuga mbili ndogo miguuni, na kila alipojitikisa zililia.

Eustache alifikiri. "Asubuhi nilizisikia, mlipokuja. Baadaye kimya. Nilisikia gari la bosi tu."

"Gari gani?"

Alionyesha kwa kidevu gari jeupe la mizigo lililoegeshwa ndani ya ghala, pua yake ikielekea lango. "Aliliwasha, akaniambia nipandishe lango. Mota ikanguruma, lango likagoma. Ndiyo akanituma nipasue barafu. Kabla sijamaliza, umeme ukaondoka."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Alisema kununua kahawa."

Fareen aliitazama meza iliyokuwa pembeni. Palikuwa na birika, na kando yake chupa ya kahawa ambayo Murad mwenyewe alimkaribisha nayo asubuhi.

Alimwita Généreuse waongee kando, nyuma ya rafu za maboksi.

"Ulimlisha nini alfajiri?"

"Vifaranga. Wawili."

"Kwenye mtihani nimekuuliza kuhusu chakula cha siku ya kumrusha ndege. Uliniandikia nini?"

Généreuse aliikunja glavu mikononi.

"Umeandika kwamba siku hiyo halishwi kwanza, kwa sababu akishiba hatakuja mkononi. Jibu zuri. Leo ilikuwa siku yako ya kumwita mkononi mbele yangu. Mtu anayejua hivyo anamlishaje alfajiri?"

"Nilisahau, madamu."

"Komeo ulisahau, na hili pia ulisahau?"

"Andika tu kwamba ni mimi," Généreuse alisema, akimtazama machoni. "Tafadhali. Usiulize zaidi."

Fareen alimwacha. Alitembea polepole hadi katikati ya ghala, akainua uso. Kwenye vyuma vya paa njiwa kumi na kitu walikuwa wametulia. Wengine walisafisha mabawa, mmoja alikuwa amelala. Alisimama pale akiwaangalia hadi shingo ikamuuma. Kisha akarudi kwenye kizimba, akatazama ukutani. Glavu ya akiba ilikuwa kwenye msumari wake. Msumari wa pili, wa kofia, haukuwa na kitu.

"Njooni nyote," aliita.

Walikusanyika. Pumzi zao zilionekana hewani.

"Rani hakutoroka," Fareen alisema. "Kipanga akiwa huru ndani ya ghala hili, wale njiwa wangekuwa wanajigonga kwenye vioo. Tazameni walivyokaa. Na hakutoka nje, kwa sababu lango halijafunguka tangu nilipoingia, wala mlango mdogo haupitiki. Basi yumo ndani ya kitu kilichofungwa. Yuko kimya kwa kuwa amevishwa kofia. Kipanga asiyeona hutulia, hata njuga hatikisi. Kofia yenyewe haipo ukutani. Ndege anayetoroka havai kofia kwanza."

"Généreuse anajua kumvisha," Murad alisema haraka.

"Anajua. Na wewe unajua. Eustache hathubutu kumkaribia. Généreuse alikuwa mbele yangu muda wote wa mtihani, akatoka dakika chache kabla yangu. Hilo nimelifikiria pia. Lakini humu kuna kitu kimoja tu chenye kufuli ambacho sijakiona ndani." Aligeuka. "Funguo za gari ziko kwa nani?"

Eustache alimtazama bosi wake.

"Anko, fungua gari."

"Fareen." Sauti ya Murad ilishuka. "Mama yako anajua unaongea na mimi namna hii?"

"Fungua gari, Anko. Nina mamlaka ya kulikagua, na hakuna kati yetu anayekwenda popote."

Murad aliangalia lango, kana kwamba lingepanda lenyewe. Kisha akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi bila kumtazama.

Nyuma ya gari, chini ya blanketi, kulikuwa na sanduku la mbao lenye matundu. Généreuse hakungoja kuambiwa. Alivaa glavu, akafungua sanduku, akaongea na ndege kwa sauti ya chini, na Rani akapanda mkononi mwake, kofia kichwani, mzima. Njuga zikalia kidogo. Fareen alimulika mguu kwa tochi. Pete ilikuwa na mstari mwembamba uliokatwa toka juu hadi chini, kisha ukaunganishwa kwa gundi.

"Pete ya namna hii huvishwa kifaranga, haina maungio," alisema. "Ili kumvisha ndege mzima lazima uikate. Huyu ni nani, Anko?"

Murad alikaa kwenye ukingo wa gari. "Rani alikufa Agosti," alisema. "Ugonjwa unaoletwa na mbu. Wateja walimjua kwa jina, watoto wao walikuja kumpiga picha. Nilipaswa kuripoti na kungoja kibali cha ndege mwingine. Sikungoja. Nilimnasa huyu shambani, nje ya mji, nikamvisha pete ya marehemu. Nilidhani umekuja kumtahini mwanafunzi tu. Uliposema utasoma pete, nikataka kumtoa kabla hujamaliza. Barafu ikanifungia humu pamoja naye."

"Na Généreuse?"

Généreuse alijibu mwenyewe, macho kwa ndege. "Alinikamata nilipotoka ofisini. Akasema nikubali ni mimi, ama hakuna mtu Toronto atanidhamini tena. Akasema kampuni ikifungwa, hata Eustache anakosa kazi. Miaka mitatu nilipakia kuku wa barafu kule kiwandani. Siku niliona ndege wa patroni, bosi wetu huyu, akizunguka juu ya uwanja wa kiwanda, kesho yake nikaja kuomba hata kufagia. Nilitaka hiki kibali kuliko kitu chochote hapa Kanada. Nikaona pande zote ni ukuta."

"Ulimdanganya mkaguzi," Fareen alisema. "Hilo nitaliandika. Nitaandika pia alivyokubana, na ulivyomtoa ndege sandukuni."

Msaada ulifika alasiri. Wanaume wenye chumvi na nyundo walilikomboa lango, likapanda taratibu, na mwanga mweupe wa barafu ukaingia. Murad alimsogelea Fareen kabla ya kutoka.

"Usimwambie mama yako."

"Atasikia, Anko. Lakini si kwangu."

Murad alifikishwa mahakamani, akanyang'anywa kibali. Kampuni ilifungwa, na Eustache alipata lindo jingine Etobicoke baada ya wiki nyingi za kuhangaika. Kipanga alipimwa afya, akarudishwa shambani. Généreuse aliitwa kujieleza mbele ya maofisa watatu, akarudi kiwandani kungoja. Mwezi wa Mei alipata mdhamini mpya, bibi mmoja wa nje ya mji aliyesoma taarifa yote na bado akasema aje.

Fareen ndiye aliyekwenda kumtahini upya. Walisimama uani, jua likiwaka, lango la bibi yule likiwa wazi nyuma yao. Swali la mwisho lilikuwa la mdomo.

"Ndege wako akitoroka, unafanya nini?"

"Ninamutafuta," alisema Généreuse. "Nikimukosa, ninapiga simu kwenu siku ile ile. Na ninasema vile ilikuwa."

Fareen alitia sahihi.