Tarakimu ya Sita

Profesa Verebes alikutwa kifudifudi mezani, fuvu limepasuka, damu imelowesha karatasi zote. Mashine yake ya kukokotoa, ile ya chuma ya kuzungushwa kwa mkono, ilikuwa sakafuni. Nywele nyeupe zilikuwa zimenata kwenye pembe yake.

"Leo mji mzima wa Szeged utalia," alisema Sajini Pintér.

"Wewe funga mlango kwanza," alijibu Inspekta Bodnár.

Mkokotoaji wa marehemu, Bi Etelka Gombos, alikuwa ameketi chumba cha pili. Miaka thelathini na sita, macho mekundu, miwani minene kama kitako cha chupa.

"Kazi yako hapa?"

"Kugawa. Profesa alitangaza kwamba namba fulani ya tarakimu kumi na tisa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mimi naijaribu, kigawanyo baada ya kigawanyo."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na minne."

"Umepata?"

"Sijapata kitu."

"Na jana?"

"Niliondoka saa sita mchana, nikaenda kula. Nilimwacha mzima."

Bodnár hakuwa mwanahisabati, lakini kusoma alijua. Alichukua makala iliyompa profesa sifa, akaiweka kando ya madaftari ya Etelka, akalinganisha tarakimu moja moja mpaka shingo ikamuuma. Kisha akamwita kituoni.

"Kwenye makala, tarakimu ya sita ni saba. Kwenye kadi aliyokupa siku ya kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni moja. Madaftari yako yote, moja. Ila hili la jana, tulilolitoa chini ya kifua chake. Humu ni saba. Umegawa kwa 7,193. Baki?"

Etelka aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Baki ngapi, Bi Etelka?"

"Sifuri."

"Mungu wangu," Pintér aliropoka. "Miaka yote hiyo ulikuwa unagawa namba siyo?"

Etelka hakumtazama.

"Alinikataza kuigusa makala yake, eti ni ya Kijerumani, na Kijerumani changu kibovu. Jana asubuhi nikaiona maktabani, nikayasahihisha mabaki ya madaftari ya zamani, na lile la 7,193 likawa sifuri. Kwa namba sahihi ningekipata kigawanyo mwezi wa pili tu, Bwana Inspekta. Nikampelekea daftari. Akacheka mpaka machozi. 'Etelka, mwanangu, mimi nilikipata kabla hata sijakuajiri. Makala ilikuwa imeshachapwa, ningefanyaje? Nikakuandikia namba nyingine kwenye kadi. Wageni wakiwa na shaka nawaonyesha wewe: huyu hapa, mwaka wa kumi na nne anagawa, hajapata kitu. Wewe ndiye uthibitisho wangu.'"

"Halafu?"

"Mchumba wangu alinisubiri miaka mitano. Kila Krismasi namwambia, ngoja nimalize. Akaoa dada yangu. Profesa akainama kuwasha sigara, bado anacheka. Nikanyanyua mashine."

Bodnár aliandika, akapuliza wino ukauke.

"Daktari amehesabu mapigo tisa."

Etelka alivua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa sketi.

"Kumi na moja," alisema. "Mwambie ahesabu tena."