Uso Si Kola ya Shati

Katika duka lile la dobi, kazi ilianza kabla mlango haujafunguliwa. Mama alichambua nguo: nyeupe huku, za rangi kule, za kitambaa chepesi pembeni. Mjomba, kaka yake Mama, aliwasha pasi mbili chumba cha nyuma. Binti wa Mama, mwenye miaka kumi na saba, alikaa kaunta. Alipokea nguo, akaandika namba, akampa kila mteja kikaratasi chake. Vifungo vilivyong'oka alivishona yeye, na alivishona haraka kuliko fundi cherehani. Ndiyo maana wote walimwita Kifungo.

Mama alisifika mtaa mzima. Hakuna doa lililomshinda. Wino, damu, grisi ya gari, vyote vilitoka mikononi mwake.

"Doa ni bishi tu," alipenda kusema. "Ukilibembeleza linakaa. Ukilisugua linahama."

Kwa mashati, maneno hayo yalimpatia mkate. Kwa uso wa mwanawe yalikuwa balaa.

Chunusi za Kifungo zilianza mwaka uliopita. Zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikafika kidevuni. Nyingine zilikuwa vidonda vidogo vyenye usaha, vinavyouma hata kwa kuguswa na upepo. Mama akampa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia kola za mashati, na brashi juu yake.

"Mara mbili asubuhi, mara moja mchana, mara mbili jioni," Mama akaagiza.

Kifungo akasugua. Uso ukawasha, ukakauka, ukabambuka. Chunusi zikaongezeka. Mama akaongeza ndimu, nazo chunusi zikaongezeka tena. Mama hakujiuliza hata siku moja kama kosa ni la sabuni. Aliamua kosa ni la mtoto. Watu wazima wengi wana tabia hiyo, na inaudhi.

"Husugui vizuri," alimwambia kila siku.

Jumatatu moja aliingia mteja mwenye suti. Alimtazama Kifungo, kisha akavuta koti lake kutoka kaunta kwa ncha za vidole.

"Huyu ndiye anayeshika nguo zetu?" akamuuliza Mama. "Hayo ya usoni hayaambukizi?"

Mama akacheka kicheko cha aibu. Wateja wengine watatu walikuwa wamesimama pale pale.

"Kifungo, toka hapo," akasema. "Nenda nyuma kwa Mjomba. Dobi gani anaweka mtoto mchafu kaunta?"

"Mama, mimi naoga kila siku."

"Basi kasugue."

Kifungo akainuka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Kiti kile alikipenda. Alijua sauti za wateja, alijua nani husahau kikaratasi na nani hudanganya kuwa shati lake lilikuwa jipya. Sasa alikuwa amefukuzwa mbele ya watu, na aliyemfukuza ni mama yake mzazi. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwenye kiti chake.

Nyuma kulikuwa na mvuke na joto la pasi. Jasho lilimtiririka. Alikunja mashuka kwa nguvu, kana kwamba yamemkosea.

"Hasira hasara, mpwa wangu," Mjomba akamwambia kwa upole.

"Mjomba, hasara nimeshaipata. Niachie basi hiyo hasira."

Mjomba akatikisa kichwa, akarudi kwenye pasi yake.

Alhamisi alikuja Nesi. Alifanya kazi kliniki ya ngozi, na kila wiki alileta sare zake nyeupe. Siku ile sare moja ilikuwa imedondosha kifungo.

"Yuko wapi mtaalamu wangu?" akauliza.

"Yuko nyuma," Mama akajibu. "Ule uso wake utanifukuzia wateja."

Nesi alizunguka kaunta, akapita hadi chumba cha nyuma. Alimkuta Kifungo amejifunga mtandio hadi puani.

"Shikamoo, dada Nesi."

"Marahaba. Hebu fungua nione. Wewe unanawa kwa kitu gani?"

"Sabuni ya mche. Brashi. Na ndimu."

Nesi akauweka mkoba wake chini polepole. "Nani kakuelekeza?"

Kifungo akainamisha kichwa. Mjomba, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, akaelekeza kidevu chake upande wa kaunta.

"Mama Kifungo," Nesi akaita, "njoo kidogo. Nina swali la kazi yako."

Mama akaja, akifuta mikono.

"Mtu akikuletea blauzi ya hariri, utaisugua kwa brashi?"

"Nina wazimu?" Mama akang'aka. "Hariri inataka maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mkono mwepesi. Huikamui. Huianiki juani."

"Sasa uso wa mwanao kwa nini unaufua kama kola?"

Mama akakunja uso. "Kola ikiwa chafu..."

"Hana uchafu," Nesi akamkata kauli, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Nisikilize. Ndani ya ngozi kuna vitezi vidogo vinavyotoa mafuta. Mtoto akibaleghe, mwili wake unaviamsha, navyo vinatoa mafuta mengi. Mafuta yanachanganyika na ngozi iliyokufa, yanaziba vitundu vya ngozi. Bakteria wanazaliana humo, ngozi inavimba. Hiyo ndiyo chunusi. Inaanzia ndani, na brashi haifiki huko. Ukisugua unaijeruhi ngozi tu, na chunusi zinazidi. Tena haiambukizi. Anayeogopa kuambukizwa mleteni kwangu nimwambie mwenyewe."

Kifungo alikuwa ameshika shuka mkononi. "Kwa hiyo mimi si mchafu?"

"Hujawahi kuwa."

Machozi yakamtoka. Hayakuwa ya huzuni. Mwaka mzima alikuwa amejichubua uso mara tano kwa siku kwa kosa ambalo hakulifanya. Alimtazama mama yake, na Mama akageuka kutazama ukuta.

Nesi akachukua kikaratasi cha wateja, akaandika nyuma yake huku akieleza.

"Nawa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na usiku. Ukitoka jasho jingi, nawa tena. Tumia sabuni laini ya uso isiyo na manukato, na vidole vyako, basi. Usisugue. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Halafu paka losheni nyepesi, si mafuta mazito. Ukitoka mchana, paka krimu ya kukinga jua."

"Na dawa?"

"Nenda duka la dawa, mwoneshe mfamasia jina hili: benzoili peroksaidi, ile ya nguvu ndogo. Utapaka usiku, kidogo sana, sehemu yote yenye chunusi. Anza kwa kuruka siku moja moja mpaka ngozi izoee. Na usizitumbue. Ukitumbua, unajiachia makovu."

"Zitaisha lini?" Mama akauliza.

"Ataanza kuona nafuu baada ya wiki sita au nane. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, aje kliniki. Na zikiwa kubwa, za ndani, zenye maumivu makali, asisubiri. Aje mara moja."

"Miezi mitatu?" Mama akaguna. "Mimi doa lolote namaliza siku moja."

"Ndiyo maana mimi si dobi," Nesi akasema, "na wewe si nesi."

Mjomba akakohoa ili asicheke.

Kifungo akaanza. Sabuni ya mche ikarudi kwenye beseni la nguo. Wiki ya kwanza hakuona tofauti. Wiki ya pili ngozi ilikauka kidogo, ikabambuka puani. Mama alikuwa anachungulia tu, midomo kaibana.

Jumapili Mama alikuwa anafua nguo za nyumbani. Akaishika foronya ya Kifungo, ile ya buluu. Katikati ilikuwa na mabaka meupe. Mama aliyafahamu mabaka ya namna ile kuliko mtu yeyote mtaani. Akainusa, akaipeleka kwenye mwanga. Kisha akaenda chumbani, akachukua tyubu ya dawa na kuitupa kwenye ndoo ya maji machafu.

Kifungo alimkuta bado anahema.

"Ni dawa ya kuchubua," Mama akasema. "Kama imefanya hivi foronya, itafanya nini uso wako? Nesi ametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kifungo aliitazama tyubu ndani ya ndoo. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Mwaka mzima umenipaka dawa ya nguo usoni, hukuogopa," akasema. "Leo nimepata dawa ya uso, ndiyo unaiogopa?"

Kesho yake asubuhi Mama aliikunja foronya, akaitia kwapani, akashika njia ya kliniki. Kifungo alimfuata hatua mbili nyuma.

Nesi aliikunjua foronya mezani, akajishika paji la uso.

"Hili ni kosa langu," akasema. "Nilisahau kuwaambia, tena nyumba ya dobi. Mama, dawa hii inaondoa rangi ya kitambaa. Haiondoi rangi ya ngozi. Rangi ya nguo imetiwa kiwandani. Rangi ya ngozi mwili unaitengeneza wenyewe kila siku."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tumia foronya nyeupe na taulo nyeupe, yamekwisha. Ngozi kukauka kidogo mwanzoni ni kawaida. Ongeza losheni, ruka siku moja zaidi. Ikichoma sana au uso ukivimba, acha, uje unione. Krimu ya kuogopa ni ile ya kukorogwa, inayouzwa bila kuandikwa kilichomo. Hiyo ndiyo inayoharibu watu."

Mama aliikunja tena foronya. Wakati wa kurudi alisimama duka la dawa, akaingia, akatoka na tyubu mpya. Alimkabidhi Kifungo. Jioni ile kulikuwa na foronya nyeupe kitandani, imepigwa pasi.

Siku zikaenda. Wiki ya nne chunusi mpya zilipungua. Wiki ya saba paji la uso lilitulia. Asubuhi moja Kifungo alinawa na kugundua kwamba hakuna mahali panapouma. Alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, akajigusa mashavu taratibu. Mwezi wa tatu zilibaki chunusi chache kidevuni na alama nyeusi mashavuni. Nesi alimwambia alama hizo zitafifia, ila zitachukua miezi, na asiache dawa kwa sababu uso umetulia.

Siku zote hizo alikuwa bado anakunja mashuka nyuma.

Ijumaa moja duka lilijaa. Wateja wanne walikuwa wamepanga foleni. Mama akafunua pazia la chumba cha nyuma, uso umemchangamka.

"Kifungo, njoo ukae kaunta. Sasa umetakata."

Kifungo akaja hadi kwenye pazia, akasimama hapo. Alikuwa ameisubiri siku hii kwa miezi, na sasa imefika na wazo lile lile la uchafu.

"Sikutakata, Mama," akasema. "Kwani nilikuwa mchafu? Chunusi zikirudi kesho, utanirudisha nyuma?"

Mjomba aliinua pasi, akaishikilia hewani. Mteja wa mbele akajifanya anasoma kikaratasi chake.

Mama angeweza kusema kwamba mtoto hamjibu mzazi mbele za watu. Lakini yeye mwenyewe alimuaibisha mtoto mbele za watu, pale pale. Akaliweka chini shati alilokuwa ameshika.

"Mwanangu hakuwa mchafu," akasema, na wote wanne wakamsikia. "Mimi ndiye niliyemwita hivyo. Nikamuumiza uso kwa sabuni ya kufulia, halafu nikamficha. Nimekosa. Nisamehe, mwanangu."

"Hata zikirudi?"

"Hata zikirudi. Kiti ni chako."

Kifungo akapita, akakaa. Hakutabasamu.

"Bado nina hasira," akasema.

"Kaa nayo hapo hapo," Mama akajibu.

Kifungo akachukua kalamu, akainua uso wake wote, na alama zake zote, akawatazama wateja.

"Anayefuata," akasema.