Aliyeitika Pangoni

Zamu ya kuosha vyombo ilikuwa ya mdogo mtu. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, mikono imejaa povu, akisimulia habari za mteja mmoja aliyetaka kupelekwa nchi yenye theluji lakini isiyo na baridi. Dada yake, aliyekuwa mezani akifumua pindo la gauni la mtu, alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Mara, katikati ya maneno, yule msichana akageuza shingo kuelekea mlango wa nyuma.

"Abee!" akaitika.

Kisha akarudi kwenye masufuria yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nani kakuita?" Dada akauliza.

"Si Mama?"

"Mama yuko sokoni tangu asubuhi."

"Basi masikio yangu yameanza uzee kabla yangu," akasema, akacheka. Dada hakucheka tena. Hawakuwa wamemaliza hata kufua nguo walizorudi nazo safarini, na tayari alihisi kitu kinamtambaa mgongoni.

Nyumbani walimwita yule mdogo Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutambaa. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya wakala wa safari, ghorofani juu ya duka la viatu, akiwapangia watu matembezi ya milimani, majangwani na visiwani. Na likizo yake ikifika, yeye mwenyewe haonekani. Dada alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa nyumbani, dunia yake ilianzia kwenye dirisha la chumba cha kushonea na kuishia dukani kwa vifungo. Mwaka huo Kiguu alimbembeleza mpaka Dada akachoka, akakubali. "Dada, utakufa hujaona kitu," alimwambia. "Twende mara moja tu. Usipopenda, sitakusumbua tena maisha yako yote."

Walikwenda mbali, kwenye mlima wenye mto unaopita chini kwa chini. Watalii huingizwa humo kwa mashua ndogo, kutazama vidudu vinavyong'aa darini mwa pango kama nyota. Mwongozaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya majani. Mdomoni mwa pango alizima tochi, akasema kwa upole: "Humu ndani mtu asimwite mwenzake kwa jina. Na atakayesikia anaitwa, asiitike. Mkihitajiana, gusaneni." Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe za kazi.

Ndani kila sauti ilirudi. Tone la maji lilirudi, kikohozi kilirudi, hata kasia likigonga ubavu wa mashua lilirudi mara mbili tatu kutoka kizani. Dada alikuwa ameshika blauzi ya mdogo wake kwa nyuma, meno ameyauma kwa hofu, hajafungua kinywa tangu waingie.

"Abee, Dada?" Kiguu akasema, akigeuka huku anacheka.

Neno lile halikurudi. Lilikwenda kizani, likapokelewa.

Kasia likasimama. Mzee akaigeuza mashua bila kueleza kitu, na watalii waliolalamika kuwa safari haijafika nusu hakuwajibu. Walipotoka kwenye mwanga hakumtazama Kiguu hata mara moja. Alimvuta Dada kando. "Ulimwita?"

"Sikusema neno, baba."

Akavua kofia yake. "Poleni," akasema, kama mtu anayesema mlangoni mwa nyumba yenye msiba, akaondoka zake.

Dada hakumwambia mtu. Angesema nini?

Sasa zile "abee" zikaongezeka. Kiguu aliitika ofisini akiwa kwenye simu na mteja. Aliitika mezani, kijiko kiko njiani. Mwanzoni aliitika kwa furaha, kama kawaida yake. Baadaye kwa sauti ndogo, na kila alipoitika rangi ya uso ikapungua, kama kitambaa kinachofuliwa kupita kiasi. Harufu nayo ikaingia nyumbani, harufu ya jiwe bichi na mavi ya popo, mchana kweupe, madirisha yote wazi. Mama yao alisugua sakafu kwa dawa mpaka vidole vikachubuka, harufu ikabaki pale pale.

Dada akamweka mdogo wake kitako kitandani. "Niambie kweli. Nani anakuita?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Sauti yako, Dada. Kila mara ni yako." Kiguu alinong'ona, macho kwenye ukuta. "Unalia. Unasema umeachwa gizani na hujui njia. Unasema, mdogo wangu, uko wapi. Sasa nisipoitika nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Mimi niko hapa. Nishike. Usiitike tena."

"Hata ukiniita wewe mwenyewe?"

"Hata mimi. Kuanzia leo sikuiti. Nikikutaka nitakuja nikuguse."

Wakaliweka hilo kama kiapo, na Mama akaambiwa, naye akashika. Nyumba ikawa ya watu wanaoguswa mabegani. Kiguu akaanza kupata nafuu. Alikula. Siku moja alimtania hata Mama kuhusu viatu vyake, na Mama akaingia chumbani kulia kwa furaha.

Kisha ikaja ile adhuhuri. Dada alikuwa kwenye cherehani alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitokea bafuni, kutoka chini, kwenye tundu la maji machafu, sauti yake yenyewe na mkwaruzo wake wa asubuhi, ikilia na kuomba na kumtaja mdogo wake kwa jina. Akakimbia, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na kupitia ufa akamwona Kiguu amejikunja pembeni, ameuma taulo, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa hapana, hapana. Na maji yalikuwa yakipanda kutoka kwenye lile tundu, meusi, yana harufu ya pango, yakimfika vifundoni, yakimfika magotini, na Dada akapiga mlango kwa mikono, akaupiga kwa bega, akaupiga kwa kiti, na katika hofu ile, na mapenzi yale, kiapo kikamtoka kichwani kama hakikuwahi kuwepo, akapiga ukelele akamwita mdogo wake kwa jina lake lote alilopewa na baba yao.

Kiguu akaachia taulo.

"Abee, Dada," akaitika.

Komeo likafunguka taratibu. Sakafu ya bafu ilikuwa kavu kabisa, na msichana aliyetoka alikuwa mkavu pia. Alisimama kwenye korido akitazama dari, akatazama taa, akagusa pazia na kulinusa. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyefika hoteli nzuri baada ya safari ndefu.

"Kumbe huku ndivyo kulivyo," akasema.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na maneno mengi. Alifukiza ubani, akaketi mbele ya yule msichana goti kwa goti, akamtaka aliyemo aseme ametumwa na nani na anataka nini.

"Sikutumwa," kikajibu kile kitu, kwa adabu, kwa sauti ya Kiguu. "Miaka na miaka wanakuja kwetu na mashua zao. Wanatutazama, wanacheka, wanaondoka. Nami nimekuja kutazama kwao. Kosa liko wapi?"

"Mwenye mwili yuko wapi?"

"Kule. Nimemwachia nafasi yangu. Kuna giza kidogo, lakini atazoea."

Mganga akazima ubani wake. Aliwatoa Dada na Mama hadi uani, akazungumza nao kwa kunong'ona. "Kumtoa naweza. Lakini mama yangu, nikimtoa nitawaachia mwili mtupu. Mwanao hayumo. Leo leo mtamzika."

"Na kumrudisha?" Dada akauliza.

"Kule hakuna anayerudi mpaka mwingine aitike. Unaye mtu wa kumpeleka?"

"Nipo mimi!"

Mama alimshika mkono kwa nguvu ambazo Dada hakujua kuwa bado anazo. "Hapana. Siwezi kupoteza wawili." Kisha akamgeukia mganga, uso umemkauka. "Mwache hivyo hivyo alivyo. Angalau namwona."

Mganga akakusanya vitu vyake. Hakupokea hata maji ya kunywa.

Wakaishi naye. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililomvunja Dada zaidi. Alikaa dirishani kutwa nzima akitazama barabara. Aliuliza majina ya matunda. Aliingia chumbani kwa Mama na kumtazama amelala mchana, akimwinamia karibu kabisa, kama watu wanavyoinamia wanyama nyuma ya kioo. Mama alimchana nywele kila asubuhi, akizungumza naye kama zamani. Lakini Mama mwenyewe akawa anakonda tu, na mvua zilipoanza hakuweza tena kunyanyuka.

Siku ya mwisho fahamu zilimpotea, akasahau kila kitu walichokubaliana. Alimwita kitinda mimba wake. Alimwita kwa jina la utani, kwa jina la utotoni, kwa majina ambayo Dada mwenyewe hakuyajua. Yule aliyekuwa na uso wa Kiguu alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, kidevu mikononi, akisikiliza kwa makini. Hakuitika hata mara moja. Yeye alijua mambo ya kuitika.

"Sema abee," Dada alimsihi, akipiga magoti. "Nakuomba. Moja tu. Afe amesikia."

Hakusema. Mama akafa bado anaita.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika na vikombe kubaki vimejaa mezani, Dada alikaa chini sakafuni, hana nguvu hata ya kuvua viatu. Yule akaja akaketi kando yake, bega kwa bega.

"Hapa nimepaona," akasema taratibu. "Hata kifo nimekiona. Kesho tunakwenda kutazama wapi?"

Dada akamgeukia. Aliutazama ule uso ambao aliupangusa kamasi tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo, akatafuta machoni kama kuna mtu yeyote aliyebaki. Akatafuta muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda chumbani kupanga nguo za safari, za watu wawili.