Vipandikizi Vilivyolala Upande

Jumatatu, tarehe 12 Machi 1951, saa moja asubuhi, vipandikizi sitini vya mlimau vilikutwa vimenyauka kwenye kitalu cha Bwana Mbarouk, Kirongwe. Saa nne Koplo Shamte alifika kwa baiskeli kutoka Kilindoni, hoi kwa jua, akamkuta mwenye shamba keshatoa hukumu.

"Kijakazi kavimwagia maji ya chumvi! Ahame kwenye ardhi yangu leo hii, yeye na mumewe."

Bi Kijakazi, mmwagiliaji, alikuwa amekaa chini analia. Miaka kumi na minane alikuwa akiishi pale, hana pengine pa kwenda.

"Wallahi sikufanya, bwana. Nimevilea wiki sita kama wanangu."

Shamte alionja udongo. Chumvi hamna. Vijiti vyote vilikuwa vimelala upande. Aling'oa kimoja, akang'oa cha pili, akaguna.

"Ussi, hebu nieleze kazi yenu."

Ussi, msaidizi wa bwana shamba, alisogea mbele. "Tunakata tawi changa, tunachovya chini kwenye unga wa kuotesha mizizi, tunatoboa shimo ili unga usipanguswe, ndipo tunasimamisha."

"Na baada ya wiki sita?"

"Huwa na mizizi."

"Hivi havina hata mmoja. Vyenu vimeibwa, yakachomekwa matawi matupu. Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Ila Jumamosi Bi Kijakazi aliumwa, nikampa mumewe Kombo amwagilie."

"Uongo!" Mbarouk alifoka. "Huyu Ussi ndiye anayeuza miche yangu!"

Shamte alimwita Kombo. Aliwapa yeye, mkewe na Ussi kijiti kimoja kimoja. "Pandeni."

Ussi alitoboa shimo, akasimamisha. Bi Kijakazi naye vilevile. Kombo alikididimiza tu udongoni, kimelala upande, kama apandavyo muhogo wake.

Masikini Shamte, roho ilimuuma. Alitamani mwizi awe Ussi.

"Viko wapi, Kombo?"

Kombo aliinamisha kichwa. "Kwenye muhogo, nyuma ya nyumba. Bwana Mbarouk haturuhusu kupanda mti wa matunda, maana mwenye mti hafukuzwi ovyo. Nilitaka ishike kabla hajajua. Nilidhani mtasema ugonjwa. Sikujua atabebeshwa lawama mke wangu."

Wakaenda kutazama. Miche sitini ilikuwa imepandwa juani, yote imekufa.

"Mpaka magharibi nisiwaone hapa," alisema Mbarouk, akaondoka zake.

Shamte alitoa pingu. Bi Kijakazi alipiga magoti, akang'oa mche mmoja, akaifuta mchanga mizizi yake iliyokauka.

"Ilitaka kivuli cha makuti, Kombo. Wiki mbili tu."

"Ningejuaje, mke wangu?"

"Ungeniuliza," alisema. "Kila siku nalala ubavuni pako."