Mshono wa Leona

— Garth, njoo hapa. Huu mshono kauchomelea nani?

Leona Sawchuk alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ya karakana, tochi mkononi, mbele ya tela la kubebea ngano, pale linapofungwa kwenye trekta. Garth Lepine aliweka kikombe chake chini polepole.

— Si wewe? Juzi ulimaliza. Bi Thorsen mwenyewe alikusifu.

— Nimeuliza, nani.

— Kahawa yako inapoa, mpenzi.

— Mimi nachomelea kwa kushoto, Garth. Natoka kulia naelekea kushoto, na vikunjo vya mshono wangu vinalala hivyo. Hivi vimelala kinyume. Sasa humu ndani anayetumia mkono wa kulia ni nani? Wewe, au hilo jiko la kuni?

Garth alitazama jiko kana kwamba lingemsaidia.

Mkono wa kulia wa Leona uliishia chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa na miaka tisa mashine ya kupandisha nafaka ghalani ilipomkamata sweta. Huku jimboni Saskatchewan kila mji una mtu wa namna hiyo, na watu wa Dunmere walishazoea kumfungulia mlango bila kuuliza. Alipoingia karakana ya Bi Thorsen kujifunza kuchomelea, Garth, fundi wa pale, ndiye mtu pekee ambaye hakumtazama mkono. Siku ya tatu alikata tandiko kuukuu la farasi, akashona mfuko wa ngozi, akauweka mezani bila neno. Ulikuwa wa kuvika kigutu, ili Leona akiegemeze kwenye chuma cha moto asiungue. Kwa mfuko ule, Leona alimpenda. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa sita.

— Ni mara ngapi? aliuliza.

— Leona...

— Mara ngapi, Garth?

— Saba. Labda nane. Ukitoka kwenda kula kwa mama yako, nasaga mshono kwa grainda, nauchomelea upya.

— Na jioni unaniambia "kazi safi, mpenzi".

— Ulikuwa umechoka! Ulikuwa unafurahi! Na lile tela lingeng'oka barabarani na tani nane za ngano. Ulitaka niliache liende?

— Nilitaka uniite! Uniambie, "Leona, njoo uone, umeharibu." Basi!

— Bi Thorsen angekuondoa.

— Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka Regina kunifanyia mtihani. Nisipofaulu Bi Thorsen ananiondoa vilevile, benchi langu anapewa mwingine. Na nitafauluje? Miezi minne nadhani najua, kumbe sijui ninachokosea. Umeninyang'anya makosa yangu, Garth. Yalikuwa yangu.

Alianza kuvua aproni kwa meno na mkono mmoja. Garth akanyoosha mkono kumfungulia kifungo.

— Usiniguse. Na mwezi wa sita usahau.

Nisiseme Garth alikuwa mtu mbaya. Wapo wanaume wanaopenda kama anayemlisha mtoto, kila kijiko wanakipuliza wao.

Saa saba mchana simu ya Leona ililia. Ujumbe: *Nisamehe. Niliogopa utaondoka.*

Akajibu: *Nimeondoka mezani kwa mama sasa hivi. Naenda kwa Bi Thorsen.*

Bi Thorsen, mwenye karakana, mjane wa miaka sabini mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alimsikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo kazi niliyoisifu ni ya yule bwege.

— Ndiyo, Bi Thorsen. Nimeona bora ujue kwangu.

— Na unataka nini? Nikufute machozi?

— Nataka vipande vya chuma chakavu, na kona yangu asubuhi kabla hamjafungua.

— Jumatatu ni leo. Ijumaa ni Ijumaa. Ukishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine, sitabembeleza.

— Sawa.

— Sawa nini? Jiko nitalikoka saa kumi na moja. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, sitaki kukuokota umeganda mlangoni.

Jumanne alfajiri Leona alimkuta Garth amesimama kwenye kona, kofia mkononi.

— Bi Thorsen kaniambia. Nimekuja kufundisha. Kama hutaki, narudi.

— Mikono?

Akaitia mifukoni.

— Ikitoka humo, unaondoka nayo.

Leona alitikisa kichwa, kinyago cha kuchomelea kikashuka usoni. Cheche zikaruka. Alipomaliza aligonga gamba lililofunika mshono kwa nyundo, akafagia. Mshono ulikuwa na vitundu kama mkate.

— Sema.

Garth aliinama akautazama.

— Mbaya.

— Mbaya wapi?

— Ukikaribia mwisho kijiti cha kuchomelea kinapanda. Mkono unachoka, moto unakuwa mrefu, hewa inaingia. Vi... vitundu vyote mwishoni. Kila mara. Mara zote saba.

— Na hukusema.

— Sikusema.

Jumatano vitundu vilipungua, vikarudi. Leona alirusha nyundo ukutani. Kijiti kilipokwisha, alibana mshikio kwenye nyonga akabadilisha mwenyewe, na mara mbili Garth alisogea, mara mbili akarudi nyuma akiuma mdomo. Kumtazama mtu umpendaye akihangaika na kitu kidogo ni kazi nzito, nayo haionekani.

Alhamisi Leona aliacha kuegemeza kigutu kwenye chuma. Alikiweka chini ya mkono wake wa kushoto, kama mtu anavyojitegemeza kwenye tawi, na mkono ule ukatulia mpaka mwisho.

— Sema.

— Mzuri.

— Unanidanganya?

— Leona, sina tena kile kipaji.

Alijikuta amecheka. Akakasirika kwamba amecheka.

Ijumaa Bwana Fehr, mkaguzi, alifika na begi na mafua. Alimtazama Leona akichomelea mabamba mawili ya chuma pamoja, akayakata vipande viwili, akapachika cha kwanza kwenye jeki ya kupindishia.

— Kinapinda mpaka kiwe kama kiatu cha farasi. Ufa ukizidi unene wa punje ya ngano, umeshindwa. Bega langu bovu. Nani atasukuma jeki?

— Garth, alisema Leona.

— Mimi? Mwite mtu mwingine.

— Nakutaka wewe.

Garth alishika mpini. Chuma kikaanza kuinama. Nusu ya njia kililia, *krik*, na mkono wake ukasimama.

— Kimeshapinda vya kutosha, Bwana Fehr. Si kinaonekana?

— Bado, alisema mkaguzi.

— Garth, alisema Leona taratibu. Ukiishia hapo sitajua maisha yangu yote. Sukuma.

— Kikipasuka?

— Sukuma.

Akasukuma. Jasho lilimtiririka ingawa dirisha lilikuwa na barafu ndani. Alisukuma mpaka mpini ukagota, kisha cha pili vilevile, bila kusita, akilia waziwazi mbele ya Bi Thorsen.

Bwana Fehr alipitisha kidole gumba, akavaa miwani.

— Hiki kina kiufa. Chini ya punje. Hiki kingine kisafi. Umepita, Bi Sawchuk. Nani ana leso?

Bi Thorsen alipiga makofi mawili, akasema mtu aende akachemshe kahawa, akaenda mwenyewe, akimvuta mkaguzi kwa kola.

Walibaki wawili.

— Kingepasuka, ungefanya nini? aliuliza Leona.

Garth alifikiri. Hakuharakisha.

— Ningekuambia kimepasuka.

Leona alisogea akaweka paji lake la uso lenye masizi kwenye kifua cha Garth, na akakaa hapo.

— Basi mpigie mama yangu, alisema. Ameshanunua kitambaa cha gauni la harusi, na tangu Jumatatu hajui akikate au akirudishe.

— Nimwambie nini?

— Mwambie akate.