Bolti ya Nusu Inchi

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gereji, mkono mmoja umenyooka mbele, na injini ya lori imemkalia mgongoni. Juu yake boriti ilibaki tupu. Winchi ya mnyororo iliyokuwa ikining'inia hapo ilikuwa chini, imejikunja juu ya injini.

Inspekta alisimama mlangoni akitafuta pa kuweka mguu pasipo na oili. Likizo yake ilikuwa ianze wiki iliyopita. Ilikuwa kama kila alipotaka kuaga, mtu mmoja mjini alikubali kufa ili kumzuia.

"Ajali ya kazini?" aliuliza, kwa matumaini ambayo hata yeye aliyaonea haya.

"Ningependa iwe, afande," alijibu Koplo, mwanamke asiyepitwa na kitu. Alimwonyesha bolti ndani ya mfuko wa vielelezo. "Winchi ilishikwa na bamba lile la njano, na bamba likashikwa na bolti moja, hii hapa. Nati yake imechomelewa kwenye boriti. Nati ni ya nusu inchi. Bolti ni ya milimita kumi na mbili."

"Niambie kama unavyomwambia mama yako."

"Bolti ni nyembamba kidogo kuliko tundu lake, na meno hayalingani. Ukiikaza inashika kidogo, unaona imekaa. Ukining'iniza mzigo, inachomoka. Kuna mtu aliyetoa bolti ya zamani akaweka hii."

"Na ya zamani iko wapi?"

"Tumetafuta kwenye mapipa ya taka na kwenye mtaro. Haipo."

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya tairi, kofia mkononi. Mtaa mzima ulimwita Robo Tatu, kwa sababu ya spana ya robo tatu inchi iliyochomoza kwenye mfuko wake wa nyuma siku zote. Alikuwa amefanya kazi na marehemu tangu wote wawili hawajaoa. Marehemu mwenyewe aliitwa Inchi. Na mkwe wake, fundi wa tatu wa gereji hiyo, aliitwa Milimita. Majina ya utani, lakini yalitosha kueleza kelele zote za pale.

"Ulikuwapo ilipoanguka?" Inspekta alimwuliza.

"Nilikuwapo."

"Kwa nini aliingia chini ya mzigo?"

"Spana ilimponyoka, akainama kuiokota." Robo Tatu alijifuta macho kwa kofia. "Yeye, aliyekuwa akitufokea sote tusipite chini ya mzigo."

"Alikuwa na ugomvi na nani?"

"Afande, hilo hata wapita njia wanalijua. Yeye na mkwewe ni paka na panya. Mzee anataka vifaa vya inchi, kijana anataka vya milimita. Kutwa nzima, hakuna amani."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu wa inchi. Sina spana ya milimita hata moja. Bolti kama hiyo nitaikaza kwa meno?"

Kabla ya saa sita Milimita alikuwa mahabusu. Mkuu wa kituo alifurahi waziwazi.

"Bolti ya milimita, mtu wa milimita. Unataka nini tena? Funga jalada, uende likizo yako."

Inspekta alikuwa amechoka kiasi cha kutamani iwe kweli. Alikaa mezani, akashika kalamu, akaiweka chini. Kazi hii ilikuwa imemfundisha kuogopa kesi zinazojifunga zenyewe, na siku hiyo alilichukia somo hilo kwa moyo wote.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa binti wa marehemu na mtoto wake mgongoni. Robo Tatu alikuwa amemletea maji, akamshika bega, akamwambia ajipe moyo. Alipoondoka, Inspekta alimwita binti ndani.

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, baba." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Baba yangu yuko mochari, mume wangu yuko mahabusu. Sijui nianze kumlilia yupi."

"Inasemekana walikuwa hawapatani."

"Kelele tu hizo. Wanagombana mchana, jioni wanakula sahani moja. Tena ugomvi wenyewe ulikwisha. Baba alishanyoosha mikono."

"Kivipi?"

"Lori zinazokuja sasa karibu zote ni za milimita. Jana alinunua seti mpya ya spana, akaja nayo nyumbani kunionyesha, anacheka mwenyewe. Alisema vile vifaa vya inchi vya ukutani gereji vitashushwa viende chuma chakavu, na gereji ataiongoza mume wangu. Sasa mtu aliyepewa kila alichokitaka aue ili apate nini?"

Inspekta alishika kalamu tena. "Nani mwingine aliyajua haya?"

"Baba Mdogo peke yake. Robo Tatu. Baba alitangulia kumwambia yeye, kwa heshima."

Inspekta alishuka mahabusu. Milimita alikuwa amechuchumaa ukutani, macho yamemvimba.

"Injini ikipandishwa hewani, nani huishika isiyumbe?"

"Mimi, afande. Siku zote ni mimi."

"Na leo?"

"Mtoto aliamka na homa, nikachelewa. Mzee hakuningoja. Ningewahi, ningekuwa mimi pale chini."

"Wajua alidondosha spana gani?"

"Ya milimita kumi na tisa, niliikuta kando ya mkono wake. Ya seti mpya. Alikuwa haiachi mkononi."

Inspekta alirudi gereji na Koplo, bolti ikiwa mfukoni. Goti lilimuuma, na alikuwa amekwisha kujua asichotaka kukijua.

Robo Tatu alikuwa akipangusa spana za zamani na kuzirudisha ukutani, moja moja.

"Nikopeshe hiyo ya mfukoni, mzee."

Robo Tatu alimpa bila kufikiri. Inspekta akaiweka kwenye kichwa cha ile bolti ya milimita. Ikaingia na kukaa vizuri, haikucheza.

"Hii ni spana ya ngapi?"

"Robo tatu."

"Na kichwa cha bolti hii ni milimita kumi na tisa. Mbona imeingia?"

Mzee aliangalia pembeni. "Hizo mbili zimepishana kidogo mno. Unene wa karatasi haufiki."

"Asubuhi ulisema utaikaza kwa meno."

"Hukuniuliza zaidi."

Koplo alimsogelea Inspekta sikioni. "Huo si ushahidi, afande. Fundi yeyote angeweza."

Alikuwa sahihi. Inspekta aliegemea rafu kupumzisha goti, na rafu ikalia. Ilikuwa imejaa makopo ya rangi yaliyoisha, na ndani yake bolti, nati, washa, springi zilizokatika, hata vipande ambavyo hakuna gari lingevihitaji tena. Alivitazama kwa muda. Koplo na vijana wake walikuwa wametafuta kwenye taka, lakini gereji hii haikuwa na desturi ya kutupa kitu.

"Kopo lako ni lipi, mzee?"

Macho ya Robo Tatu yalimponza: yalikimbilia mwisho wa rafu. Koplo aliteremsha kopo la mwisho na kulimimina juu ya meza. Bolti za nusu inchi, kila moja na nati yake. Moja haikuwa na nati. Ilikuwa imepakwa grisi mpya, na chini ya kichwa chake kulikuwa na duara la rangi ya njano, njano ileile ya lile bamba.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alisema taratibu. "Utakayosema yataandikwa na kupelekwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa nini hukuitupa?"

Robo Tatu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Bolti nzima hiyo, afande. Inatupwaje?"

Kisha akakaa juu ya tairi lake.

"Alinijia jana anacheka. Akaniambia, ndugu yangu, tumezeeka, tuwapishe vijana. Vile pale ukutani tulivinunua pamoja, tukashinda njaa kwa ajili yake. Akaviita chuma chakavu. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema, wewe utakaa hapo kwenye tairi unatupigia hadithi. Walipoondoka nikachukua bolti kwenye kopo la kijana. Nilitaka winchi ianguke, aone milimita inaleta nini, amfukuze."

"Ulijua injini ikiwa juu nani huishika."

Robo Tatu aliigeuzageuza kofia mkononi.

"Mzee."

"Nilijua."

"Angekufa kijana. Mume wa yule uliyempelekea maji."

"Nimesema nilijua!" Sauti ilimkatika. "Sikutaka imwangukie rafiki yangu."

"Mbona hukumzuia alipoanza kuipandisha mwenyewe?"

"Ningemwambia nini? Nikajisemea, huyu hapiti chini ya mzigo. Siku zote hapiti. Sikujua atainama kwa ajili ya spana." Alificha uso ndani ya kofia akalia, na Koplo akangoja amalize ndipo amfunge pingu.

Jua lilikuwa linazama walipofika kituoni. Binti alikuwa bado kwenye benchi, mtoto amemlalia begani. Alipomwona Robo Tatu akiingia na pingu, aliruka.

"Baba Mdogo! Na wewe wamekushika?" Akamgeukia Inspekta, machozi na hasira vimechanganyika. "Mfungulieni mzee wa watu! Amewakosea nini huyu?"

Robo Tatu aliinamisha kichwa. Inspekta alisubiri kidogo, akiomba mzee aseme mwenyewe. Hakusema. Hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

"Mumeo anatoka sasa hivi," Inspekta alisema, akavuta benchi. "Lakini keti kwanza, mwanangu."